Kumkumbusha Mama

Siku hiyo Hakimu alikula uji mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, na mara zote tatu alisema asante.

Bakuli la kwanza lilikuwa haki yake. La pili lilikuja mama alipoingia kutoka uani alikokuwa akianika nguo. Alimkuta mwanawe amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, akajishika kifua. "Masikini, mpaka saa hizi hujatia kitu tumboni!" La tatu lilikuja bila maelezo. Mama aliketi tu kwenye kigoda mbele yake, akapuliza kijiko, akakipeleka kinywani mwake kama alivyofanya kwa miaka arobaini na moja, na Hakimu akafungua kinywa. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma.

Angeweza kusema nimeshakula. Alishasema hivyo mwezi uliopita. Mama alibaki na kijiko hewani, akamtazama yeye, akatazama bakuli, akatazama mlango, kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kisha akalia, kilio kidogo cha kujificha, uso ameuelekeza ukutani. Tangu hapo Hakimu aliamua kwamba uji haujawahi kumuua mtu.

Alizaliwa hivyo alivyo. Miguu yake haikuwahi kumbeba hata hatua moja. Mikono ilijikunja kifuani kama ya mtu anayesikia baridi, na shingo ilikuwa na uamuzi wake yenyewe, mara itazame dari, mara bega. Kichwani hakuwa na kasoro. Alijua hesabu, alijua habari zote za redio, alijua nani mtaani anamdanganya nani. Shida ilikuwa kuyatoa. Maneno yake yalitoka kama maji ya bomba lililoingiwa na hewa: yanakoroma, yanakatika, yanaruka kwa kishindo, kisha yanakauka. Wageni waliyasikia wakatabasamu na kuitikia, "Ndiyo, ndiyo," kama mtu anavyomwitikia mtoto mchanga. Aliyeyaelewa yote, neno kwa neno, alikuwa mmoja tu, mama.

Hata hilo jina la Hakimu lilikuja kwa njia hiyo. Wanaume waliocheza drafti kwa vizibo vya soda kwenye baraza yao walipogombana, walimwachia yeye aamue, kwa kuwa hakuondoka pale na macho yake hayakuwa na kazi nyingine. Yeye alitoa hukumu, mama akaitafsiri, ugomvi ukaisha. Lakini wiki mbili zilizopita Hakimu alisema, "Yule mrefu amecheza mara mbili mfululizo, ni mwizi," na mama akatangaza kwa sauti ya kujiamini, "Hakimu anasema mrefu ameshinda." Nusura watu washikane mashati. Hakimu akajitahidi kupinga, akaishia kutoa mate. Wanaume wakasema leo mahakama imekula rushwa, wakacheka, wakakusanya vizibo vyao.

Huu ulikuwa mwaka wa pili anaificha siri ile. Ilianza na vitu vidogo. "Mama, funguo ziko mfuko wa kushoto." "Mama, jiko linawaka." "Mama, hiyo ni chumvi." Baadaye akawa anaamka kabla yake ili amtegee siku, amwambie leo ni lini na wao ni nani. Zamani mama alikuwa mikono na miguu yake. Sasa na yeye alikuwa kichwa cha mama. Wakiunganishwa walitimia mtu mmoja mzima, na mtu huyo aliendesha nyumba bila jirani kushtuka.

Kazi kubwa ilikuwa Jumapili. Mdogo wake, karani wa idara ya maji, alikuja na mkewe kila Jumapili baada ya saa nane, wakakaa saa moja, wakaacha mfuko wa matunda, wakaondoka. Hakimu alianza maandalizi tangu asubuhi.

"Mama, leo Jumapili. Watakuja. Usiulize baba yuko wapi."

"Kwani baba yenu yuko wapi?"

"Alifariki, mama. Mwaka wa tisa huu."

Mama alishika shavu, akakaa kitako palepale alipokuwa. Kila Jumapili alifiwa upya, na kila Jumapili Hakimu alijiona yeye ndiye aliyeua.

Wageni walipofika, mambo yalikwenda sawa. "Mama, dawa za presha unameza?" karani aliuliza. Mama aligeuza macho kwa Hakimu. Hakimu akakoroma kutoka kwenye kiti chake, "Moja asubuhi, moja jioni." "Moja asubuhi, moja jioni," mama alisema. "Na ule mlango wa choo, fundi alikuja?" Macho kwa Hakimu tena. "Mwambie alikuja Alhamisi." "Alikuja Alhamisi, mwanangu."

"Kaka leo ana maneno!" shemeji alisema, akimfuta mate kwa ncha ya kitambaa.

"Anafurahi kutuona," karani alijibu.

Na Hakimu aliendelea kumtilia mama majibu, mbele ya macho yao, kwa sauti kubwa, wala hawakusikia kitu. Ulikuwa wizi wa mchana kweupe. Moyoni alijivuna kidogo. Kisha walipoaga alijiona mdogo kama punje. Lakini angefanyaje? Siku moja alimsikia mdogo wake barazani akisema kwenye simu, "Mama akishindwa, kaka tutampeleka kituo cha walemavu. Hakuna namna nyingine." Karani hakujisumbua hata kunong'ona. Nani anayenong'ona mbele ya kabati?

*

Siku ile ya uji mara tatu ilikuwa Jumanne. Mama alimsukuma Hakimu hadi barazani, akamweka kivulini, akamfunika magoti kwa kitambaa.

"Naenda kuchukua sabuni, narudi sasa hivi."

"Duka la kona, mama. Ukitoka, kushoto."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha duka?" Mama alicheka, akampiga kofi la mapenzi begani. Akatoka. Akapinda kushoto. Hakimu akashusha pumzi.

Sabuni ni shughuli ya dakika kumi. Kivuli cha paa kilipoanza kurudi nyuma, kikaacha vidole vyake vya miguu juani, alijiambia kwamba pengine dukani kuna watu wengi. Jua lilipofika magotini, alijiambia mama amekutana na mtu wa kuongea naye. Lilipofika kifuani, hakuwa na la kujiambia.

Hatua tano kutoka alipokaa kulikuwa na dirisha la chumba cha mbele, alichopanga fundi cherehani, mwanamke wa makamo aliyeishi kimya na mashine yake kwa mwaka wa sita sasa. Hakimu aliisikia cherehani ikikimbia, ikisimama, ikikimbia. Angemwita. Lakini angemwita na kusema nini? Kusema mama amepotea ni kusema mama anapotea. Na hilo likishatoka kinywani, halirudi. Nikinyamaza, aliwaza, atatokea sasa hivi pale kwenye kona na sabuni yake. Nikiita, tumekwisha.

Akanyamaza. Jua likamfika usoni, na shingo yake, kwa ukorofi wake wa kila siku, ikakataa kugeuka. Haja ndogo ikamtoka, ikalowesha kitambaa na kutiririka kwenye chuma cha kiti. Hata hapo hakuita. Watu walipita, wakasema, "Hakimu, habari?" wakapita.

Kilichomwitisha ni breki. Zililia kutoka barabara kubwa, kule nyuma ya nyumba, zikifuatwa na honi ndefu na kelele za watu. Hakimu akapiga ukelele ambao hakujua kama anao.

Fundi alitokea mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, pini kadhaa zimebanwa midomoni. Akazitoa haraka.

"Vipi, kaka? Jua limekuchoma? Ngoja nikusogeze."

"Mama."

"Mama ametoka, nilimwona. Atarudi."

"A-me-po-te-a."

"Amepokea? Amepokea nini?"

"Amepotea!"

"Unataka pa kuegemea? Mto?" Fundi alitazama huku na huko. Aliona kitambaa kilicholowa, uso wake ukalegea kwa huruma. "Aa, ndiyo hilo. Lisikusumbue, kaka. Mimi nimelea, sina la kushangaa." Akaingia ndani, akarudi na kipande cha kitambaa kikavu, akakibadilisha bila kumtazama usoni. Hakimu alitamani ardhi ipasuke. Hapana, alitamani kuwa na ngumi. Machozi yakamtoka kwa hasira, na fundi akayafuta nayo pia.

"Si hilo," Hakimu alisema. "Mama. Ha-ku-mbu-ki. Nji-a."

Fundi alitulia. Pengine ni kwa kuwa alikuwa amechuchumaa, masikio yake yako karibu na kinywa kile kwa mara ya kwanza. Midomo yake ilijaribu neno lile, kama mtu anayeonja.

"Hakumbuki... njia. Mama hakumbuki njia?"

Hakimu akafumba macho. "Ndiyo."

"Tangu lini?"

Fundi alikuwa amekwisha kusimama, anaikimbilia simu yake.

*

Aliyegongwa barabarani alikuwa mwendesha baiskeli, na aliinuka mwenyewe akatukana. Mama alipatikana saa kumi jioni. Karani, aliyepigiwa simu na fundi, alimleta kwa gari la kazini, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, unyayo umechubuka. Sabuni hakuwa nayo.

"Unajua tumemkuta wapi?" karani alimwambia fundi, kwa sauti ya mtu ambaye bado haamini. Kaka yake alikuwa hapo hapo, lakini maneno yalimpita juu ya kichwa. "Hospitali. Wodi ya wazazi. Anagombana na mlinzi, anadai apewe mtoto wake."

Mama alikalishwa kwenye kochi. Hakuonekana kuchanganyikiwa hata kidogo. Alionekana mtu aliyeonewa.

"Nimekwenda kumchukua mtoto," alisema. "Waliniambia nimwache. Eti mtoto wa namna ile hataishi, nitajisumbua bure, nirudi nyumbani nikazae mwingine. Nikamwacha. Siku nne nimelala nyumbani maziwa yananichuruzika. Leo nimerudi kumchukua, mlinzi ananiambia hakuna mtoto. Wamempeleka wapi?"

"Mama, umechoka," alisema karani. "Lala kidogo."

"Nauliza wamempeleka wapi!"

Hadithi aliyolelewa nayo Hakimu ilikuwa nyingine. Mama alimsimulia mara mia: alivyomkumbatia tangu saa ya kwanza, alivyowaambia madaktari wakamtafute mwingine wa kumtisha, alivyotoka naye wodini kichwa juu. "Sikukuweka chini hata dakika," ndivyo alivyokuwa akimalizia. Sasa hii ya leo ni ya nani? Ni ugonjwa unaotunga, au ni ugonjwa uliosahau kuficha? Siku nne. Alikuwa wapi siku hizo nne, nani alimlisha, alilia, hakulia? Na hakuwepo mtu wa kuuliza. Baba alikuwa kaburini. Shahidi pekee wa maisha yake alikuwa amekaa kwenye kochi, anapepesa macho, anamtafuta mtoto mchanga aliyekuwa mbele yake ana mvi.

Usiku ule mama na Hakimu walilala chumbani kwa fundi, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kuwaangalia.

*

Kesho yake mchana kikao kilifanyika sebuleni. Karani alikuja na mkewe, na bahasha. Fundi aliombwa akae, kwa kuwa ndiye aliyeshuhudia. Mama alikaa kwenye kochi akikunja na kukunjua shuka moja. Hakimu walimweka kando ya kabati, na safari hii pia hakuna aliyeona haja ya kumgeuza awatazame.

"Mimi sizungushi maneno," karani alianza, ingawa aliyazungusha muda mrefu: kazi ilivyo, nyumba ilivyo, ghorofa ya tatu, ngazi. "Mama atakuja kwetu. Kaka... kuna kituo. Nimekwenda kukiona mwenyewe, fomu zake ziko kwenye bahasha hii. Ni kisafi. Kuna wahudumu, kuna watu wenzake."

"Wenzake kina nani?" fundi aliuliza.

"Watu wenye hali kama yake."

Shemeji alikuwa akitazama viganja vyake. "Msinione mbaya," alisema. "Mimi nina mgongo. Daktari amenikataza kuinua hata ndoo. Mama nitamhudumia kama mama yangu, hilo Mungu shahidi. Lakini wawili, nani atawainua? Mtu aniambie tu, nani?"

Hata Hakimu, kule kando ya kabati, aliona swali ni la haki, na hilo lilimchanganya zaidi. Angependa sana kumchukia.

"Tumuulize mwenyewe," karani alisema, akasimama, akaja kuchutama mbele ya kiti, akapaza sauti kama anaongea na kiziwi. "Kaka! Umesikia? Kituo! Unasemaje?"

Hakimu alikusanya pumzi yote aliyokuwa nayo. "Sitaki. Msinitenganishe na mama."

Macho yote yakaelekea kwenye kochi, kwa mazoea.

"Anasema nini, mama?"

Mama aliacha kukunja shuka. Akafikiri, uso umetulia, mkalimani wa miaka arobaini na moja. "Anasema anataka kwenda," alisema.

Karani alishusha mabega. Ilionekana wazi jinsi mzigo ulivyomtoka. "Basi. Mwenyewe amekubali. Kaka, asante. Asante sana."

Hakimu akapiga kelele. Mwili wote ukakakamaa, mguu ukapiga ubao wa kiti, povu likamtoka. "Amefurahi mno," karani alisema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika, na shemeji akainuka kutafuta kitambaa.

"Hakusema hivyo," alisema fundi.

Wote wakamgeukia.

"Mimi sielewi yote," fundi aliendelea, uso ukimwiva kwa aibu ya kujiingiza katika mambo ya familia. "Lakini neno la kwanza lilikuwa 'sitaki'. Nimekaa naye tangu jana. Ukimpa nafasi anasikika." Alivuta kigoda, akakaa karibu, akatega sikio palepale pa jana. "Kaka, sema polepole. Nitarudia kila neno. Nikikosea, fumba macho."

Ilichukua muda mrefu. Neno likitoka, fundi akalirudia, akikosea, macho yakafumba, wakaanza tena. Shemeji alishika kitambaa bila kukitumia. Hakimu angeweza kuuliza alichotaka kuuliza tangu jana, juu ya zile siku nne. Lakini alijua ana nguvu ya sentensi chache tu, na kuna jingine lililotangulia.

"Nilijua," fundi alitafsiri. "Nilijua mama anasahau. Miaka miwili."

"Miaka miwili nini?" karani aliuliza.

"Mimi ndiye... nilikuwa... namkumbusha. Jumapili. Mkiuliza... mimi namwambia... yeye anawajibu."

Karani alimtazama kaka yake kama mtu aliyegundua kuwa ukutani palikuwa na dirisha muda wote. "Dawa," alisema taratibu. "Na yule fundi wa mlango. Ulikuwa unamwambia?"

"Ndiyo." Hilo halikuhitaji mkalimani.

Kisha hasira ikampanda karani. Akasimama. "Ulijua! Ulijua ukanyamaza! Angegongwa na gari jana ungesemaje? Na mimi nakuja hapa kila wiki nauliza mama hajambo, kumbe nadanganywa mchana kweupe! Mficha maradhi kilio humuumbua, hukuliwaza hilo?"

Hakimu alisema kitu.

"Anasema ndiyo," fundi alitafsiri. "Anasema jana alijua kwamba mama amepotea, na alikaa masaa mawili bila kuita. Aliogopa atatenganishwa naye. Anasema amekosa."

Karani alitembea hadi dirishani, akarudi. Tangu utotoni hakuwahi kugombana na kaka yake. Mtu hagombani na kiti. Leo alikuwa amemfokea kwa mara ya kwanza, na kaka alikuwa amejibu. Hakujua mtu afanye nini baada ya hapo. Akakaa chini sakafuni, na suruali yake ya kazini, akajishika kichwa.

"Kwa hiyo umekuwa unatunza mama," alisema. "Wewe."

"Tunatunzana," fundi alitafsiri, kisha akaongeza la kwake: "Jana mama alikataa kula kwangu. Mpaka huyu alipomwambia kitu, sijui kitu gani, ndipo akala."

Mama alikuwa ameinuka. Alipita katikati yao wote, akamwendea Hakimu, akaona povu kidevuni, akalifuta kwa shuka. "Mnamkasirisha mtoto wa watu," aliwaambia. "Amewafanya nini?"

Shemeji alikiweka kitambaa mapajani. "Huyu ndiye wa kumwambia mama ale," alisema kwa uchovu. "Huyu ndiye wa kumwambia leo ni lini. Mimi nitayajulia wapi hayo? Mama akiamka kwangu asubuhi aanze kumtafuta mtoto, mimi nitamjibu nini?" Alivuta pumzi. "Mlete na yeye. Lakini wa kumwinua utakuwa wewe, baba. Asubuhi kabla ya kazi na jioni ukirudi. Mimi mgongo wangu ukiharibika sitapewa mwingine."

"Kwa majaribio," karani alisema. "Mwezi mmoja."

Bahasha hakuichana. Aliirudisha mfukoni.

*

Walihama Jumamosi. Kiti kilipandishwa na shemeji na fundi, mmoja mbele mmoja nyuma, shemeji, aliyejitolea mwenyewe, akilalamikia mgongo kila ngazi. Hakimu alipandishwa na mdogo wake, mgongoni, amefungwa kwa shuka kama mzigo wa pamba.

Hawakuwahi kuwa karibu namna ile. Hakimu aliona mvi nyuma ya masikio ya mdogo wake, akasikia moyo wake ukidunda kupitia mbavu. Kwenye ghorofa ya kwanza karani alisimama akihema.

"Kaka, una uzito wa mfuko wa saruji."

Hakimu akajibu.

"Umesemaje?"

Akarudia. Karani akapanda ngazi nne, akasimama. "Rudia tena."

"U-me-ne-ne-pa."

"Umene... umenenepa? Mimi? Mimi ndiye nimenenepa?" Karani akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta, na Hakimu akacheka mgongoni kwake, mate yakimtiririkia shingoni, na karani hakuyafuta. Kisha kicheko kikakatika, akakaza fundo la shuka kifuani. "Twende," alisema.

Waliwekwa sebuleni, kwa kuwa hakukuwa na chumba kingine. Vitanda viwili vilisukumwa pale palipokuwa na meza. Kila kitu kilikuwa si mahali pake. Siku za kwanza mama aliamka akadhani ni hotelini, akatandika kitanda na kuuliza funguo zinarudishwa saa ngapi. Alimwita shemeji "bibie" kwa adabu. Karani alichelewa kazini mara mbili, akarudi na uso uliokunjamana, akamwinua kaka bila neno. Siku nyingine alimwinua huku akimsimulia upuuzi wa ofisini, akitega sikio kusikia atajibu nini, akipata neno moja kati ya matano. Wiki ya pili alipata mawili. Bahasha ilikuwa juu ya friji. Hakimu aliiona kila shingo yake ilipoamua kutazama huko. Mwezi ukiisha itakuwaje, hakujua, na aliona kwamba hata wao hawakujua.

Asubuhi moja karani alipokwenda kazini na shemeji kushuka kutupa taka, walibaki wawili. Mama alikuwa amekaa kitandani kwake, mikono mapajani, miguu imeunganishwa, kama mgeni anayesubiri kuitwa. Hakimu aliona ndiyo nafasi.

"Mama," alisema, "ulirudi kunichukua? Baada ya zile siku nne?"

Mama alimgeukia. Alimtazama kwa upole mkubwa, uso hadi miguu, kiti, mikono iliyokunjika. Haikuwepo dalili hata moja kwamba amewahi kumwona.

"Pole, mwanangu," alisema. "Umekaa peke yako? Mama yako yuko wapi?"

Hakimu angeweza kumwambia, ni wewe. Alikuwa amefanya hivyo miaka miwili, siku ni hii, baba amefariki, mimi ni mwanao, na kila mara alimwona akishtuka na kulia. Nje, mtu alikuwa akiita bei za ndizi. Alivuta pumzi.

"Aliniacha kidogo," alisema. "Halafu akarudi kunichukua."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza "umesemaje", hakutega sikio. Lilimwingia lote, kama yalivyomwingia yote tangu zamani.

"Basi atakuwa amechoka," alisema. Alisogea ukingoni mwa kitanda, akamvutia kitambaa magotini, akakinyoosha. "Akija, mwambie apumzike."